Gundi ya Mama Hakitupwi

Mtaa mzima ulimwita Mama Hakitupwi, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake. Nyumbani kwake hapakuwa na pipa la taka. Nyuma ya mlango wa jikoni zilipangwa ndoo tatu: ya vinavyoliwa, ya vinavyoshonwa na ya vinavyogundishwa. Mgeni aliyeuliza atupe wapi ganda la ndizi alitazamwa kama mtu aliyeuliza atupe wapi mtoto.

Tuseme kweli, mikono yake ilikuwa na kipaji. Magunia ya unga aliyachemsha mpaka maandishi yakafutika, akayashona mapazia ambayo ukiyaona kwa mbali ungedhani ni kitani. Vikombe vya mtindi alivitoboa akavizungushia balbu, na sebule ikapata mwanga wa rangi ya chai ya maziwa. Zulia la mbele ya kochi alilisuka kwa soksi za marehemu mumewe, na hakuna aliyelikanyaga bila kukumbuka kwamba marehemu alikuwa mtu wa kutokwa jasho miguuni. Sabuni ya bafuni ilikuwa donge moja kubwa la masalia ya sabuni zilizopita, yaliyoyeyushwa pamoja, kila kipande na rangi yake na kila kipande na unywele wake.

Mke wa mwanawe alikuwa na miaka mitatu ndani ya nyumba hiyo, lakini mama mkwe bado alimwita Bibi Harusi, na mtaa ukafuata. Mumewe alikuwa fundi umeme kwenye mitambo ya mbali. Alirudi mara moja kwa mwezi, akala alichopewa, akalala, akaondoka. Bibi Harusi mwenyewe alifanya kazi kwa dobi, upande wa kukunja. Kutwa alishika mashuka meupe yaliyotoka kwenye pasi, ya moto, yenye harufu ya kitu ambacho hakijawahi kuguswa na mtu. Kisha alirudi nyumbani, kwenye sufuria.

Sufuria hiyo ilikaa kwenye jiko la nyuma na haikuwahi kuonekana tupu. Kilichobaki mezani usiku, kiwe maharage, kiwe wali, kiwe kabichi au ncha ya mkate, kiliingia humo, kikaongezwa maji, kikachemshwa. Kesho yake kiliongezwa kingine juu. "Kikichemka hakina neno," alisema Mama Hakitupwi. Rangi yake ilikuwa ya maji yaliyofuliwa makoti. Kila asubuhi juu yake kulikuwa na utando mnene, nao aliukunja kwa mwiko taratibu, kama mtu anayemfunua mtoto shuka, halafu akauzamisha ndani ili nao usipotee.

Karibu miaka mitatu Bibi Harusi alikula kwa kuziba pumzi. Alijifunza kumeza bila kutafuna, akili yake ikiwa kwenye mashuka. Alijiambia kwamba mtu hafi kwa kinyaa. Lakini mimba ilipofika mwezi wa tatu, koo likagoma. Hata mlango wa jikoni ukifunguliwa tu, mate yalimjaa mdomoni, mepesi, yenye chumvi, na alilazimika kusimama dirishani mpaka roho itulie.

"Kula, mwanangu," mama mkwe alimwambia kila jioni, akimjazia sahani mpaka mchuzi unagusa ukingo. "Sasa hivi unakula kwa watu wawili."

"Ahsante, Mama. Naomba nikalie chumbani, nijinyooshe. Mgongo unaniuma."

"Nenda. Ila sahani irudi imeng'aa."

Sahani ilirudi imeng'aa. Chini ya kitanda alikuwa na debe dogo la biskuti lenye mfuniko wa kubana, na humo ndimo chakula kilimoishia. Alijaribu kwanza, kila siku alijaribu. Alitia kijiko mdomoni, akazungusha tonge la wali laini usio na punje, akahisi kitu chembamba kinateleza pembeni mwa ulimi, jani la kabichi la juzi pengine, au la wiki iliyopita, na likarudi lote kwenye debe, la moto. Asubuhi alilibeba debe kwenye mkoba hadi kazini, akalimwaga kwenye pipa la nyuma ya dobi huku akitazama kushoto na kulia. Mchana alikula mkate mkavu. Huo ndio uliokuwa ukimshikilia.

Alimwambia mumewe kwa simu, akizungukazunguka maneno. Mumewe alicheka.

"Mama ndivyo alivyo. Mimi nimekua kwa hiyo hiyo sufuria na mifupa yangu hii hapa. Vumilia, mke wangu."

Wifi yake ndiye aliyeona bila kuambiwa. Alikuwa msusi, mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi, na alikuja kumwona mama yake kila Jumamosi, akiwa ameshakula kwake.

"Wifi, shingo imekwisha mpaka mkufu unateleza," alisema akimsuka barazani. "Mimba za wenzio zinawajaza. Yako inakukamua?"

"Kichefuchefu tu, wifi."

"Cha mimba au cha sufuria?"

Bibi Harusi akainamisha kichwa. Wifi akavuta unywele kwa nguvu kidogo.

"Mficha uchi hazai. Mwambie."

"Wewe ulishamwambia?"

"Mimi nilimwambia kwa kuolewa."

Walicheka wote wawili, chinichini, wakiziba midomo. Lakini Bibi Harusi hakumwambia mtu. Angeanzaje? Mama mkwe hakuwa mkali, laiti angekuwa mkali ingekuwa rahisi. Alimpashia maji ya kuoga, alimkanda miguu, alimwita mwanangu. Unamwambiaje mtu wa namna hiyo kwamba mkono wake unakutia kinyaa?

Mwezi wa tano wa mimba, boila la dobi likapasuka. Wafanyakazi wakaambiwa wapumzike siku nne. Siku ya kwanza debe lilifika nusu. Ya pili likajaa, na mfuniko ukaanza kujiinua wenyewe, polepole, kama kitu kinachopumua. Alilala amegeukia ukuta. Angelitoa kupitia wapi? Mlango wa nje ulikuwa jikoni, jikoni alikaa Mama Hakitupwi, na debe lisilofungika halingebebeka tena mkobani.

Siku ya tatu ilikuwa ya kliniki. Nesi alimpandisha kwenye mzani, akamshusha, akampandisha tena.

"Kilo mbili zimekwenda, mama kijacho. Unakula?"

"Ninajaribu. Vinanikirihi."

"Mtoto hajui kukirihika, anajua njaa." Nesi aliandika kwenye kadi bila kuinua uso. "Mwezi ujao ukipungua tena nakulaza wodini. Na mtoto naye ni mdogo kwa umri wake, nakwambia mapema ili tusije tukalaumiana."

Alirudi kwa miguu, amelishika tumbo kwa chini, akilipima kwa kiganja kama mtu anayenunua tikiti asiloliamini. Njia nzima alijiapiza kwamba leo atakula, hata kama ni kwa kulia. Alipofika uani alisimama. Debe la biskuti lilikuwa limeoshwa, limeegemezwa ukutani mdomo chini, linakauka juani.

Mama Hakitupwi hakuwa jikoni. Alikuwa kwenye chumba kidogo, kile kilichotengwa kwa ajili ya mtoto, amepanda kigoda, mikono inameta kwa gundi mpaka kwenye viwiko. Ukuta mzima ulikuwa umegeuka. Vitambaa vya miaka na miaka, vya mashati yaliyochanika na magauni yaliyobana, alikuwa amevikata majani, mamia ya majani, na kuvibandika safu kwa safu kutoka sakafuni kwenda juu, kijani kikielekea njano, njano ikielekea nyeupe. Ulikuwa mzuri. Lazima isemwe hivyo, ulikuwa mzuri kweli.

"Umerudi," alisema mama mkwe. "Leo umenifurahisha, Bibi Harusi. Nilidhani mwanangu ameoa mtu wa kutupa. Kumbe kimyakimya unajifunza."

Bibi Harusi hakujua kama anasifiwa au anasutwa. Alingoja neno la pili. Halikuja. Mama mkwe alichota gundi kwa mwiko kwenye kisufuria cha pembeni, akaiangalia inavyodondoka, kisha akailamba. Ndivyo alivyoipima siku zote: gundi ya unga ikikosa chumvi huleta mende, na chumvi haionekani kwa macho.

"Bado kidogo," akasema, akalamba tena.

Kama Bibi Harusi angeuliza pale pale, mambo yangeisha mapema. Lakini alikuwa mtu aliyekamatwa na hajapigwa, na mtu wa namna hiyo hasemi kitu. Aliona kwamba mama mkwe amejua, amemwaga, ameamua kufunika kombe. Usiku ule alijaribu kula kwa shukrani. Shukrani nayo ilirudi, safari hii ndani ya mfuko wa plastiki.

Siku ya nne baada ya hapo chumba kidogo kilianza kunuka. Mwanzoni ilikuwa harufu tamutamu, ya maziwa yaliyosahauliwa kwenye chupa ya mtoto. Mama Hakitupwi alisema ni gundi inakauka. Ya tano ikawa nzito, ikatoka chumbani ikakaa sebuleni kama mgeni asiyeaga, ikaingia kwenye mapazia na kwenye nywele. Majani ya chini yalivimba. Mengine yaliota manyoya ya kijivu, laini. Siku ya sita Bibi Harusi aliingia akiwa ameziba pua, akaona jani moja limejikunja ncha, na kwa mazoea ya kazi yake akanyoosha mkono alilaze. Jani likajibu. Lilisukuma kidole chake kutoka ndani, taratibu, kama shavu la mtu anayetafuna.

Hakupiga kelele. Alitoka akanawa mkono ule mpaka ngozi ikawaka, na aliponusa kidole, kilikuwa bado kinanuka.

Ikawa Jumamosi, wifi akafika, akasimama mlangoni.

"Humu kuna kitu kimekufa," akasema, "na hakikufa leo."

"Panya," alisema mama yake. "Amefia nyuma ya kabati."

Walivuta kabati. Walivuta kitanda cha mtoto. Walikunja zulia, wakapiga tochi kwenye kila tundu, na panya hakuonekana. Mwisho Mama Hakitupwi alisogeza pua ukutani, akaipitisha juu ya majani polepole. Alitia ukucha chini ya jani moja la njano akalibandua. Likatoka na sauti ya kitu kilicholowa, na nyuma yake ukuta ulikuwa ukichemka. Funza wakadondoka mmoja mmoja, halafu wengi kwa pamoja, weupe, wanono, wakasambaa sakafuni kama wali uliomwagika.

Wifi alirudi nyuma mpaka akagonga mlango.

"Miaka thelathini napika gundi," alisema Mama Hakitupwi, akilishika lile jani mbali na nguo yake. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesingiziwa. "Unga, maji, chumvi. Haijawahi kutoa mdudu. Safari hii nilichoongeza ni ile akiba yako tu, Bibi Harusi."

"Akiba gani, Mama?"

"Ya debe la biskuti. Niliikuta nikifagia chini ya kitanda. Nikasema, ona mtoto wa watu, anaweka na hasemi. Wali uliokesha hushika kuliko unga. Nikauponda, nikauchuja, nikauchemsha. Pengine ulikuwa na maziwa?"

Wifi alimgeukia Bibi Harusi, akamtazama usoni, na akaelewa kabla hajaambiwa. Mkono ukaenda mdomoni.

Ndiyo, Mama, ulikuwa na maziwa. Maneno hayo yalikuwa tayari ulimini, mepesi, na yangemwokoa kila mtu. Lakini kesho sahani ingeletwa tena imejaa. Na kesho kutwa. Na mzani wa kliniki haukuwa na mama mkwe wa kuuonea haya.

"Haikuwa akiba, Mama," alisema. "Ni chakula nilichoshindwa kula. Nilikuwa nasubiri kwenda kukitupa."

"Kutupa."

"Ndiyo."

"Chakula changu."

"Ndiyo, Mama. Kingine kilitoka kwenye sahani. Kingine..." Alimeza mate. "Kingine kilikuwa kimeshaingia mdomoni."

Wifi alitoa kicheko. Hakukusudia, kilimponyoka kama kikohozi, na kikaendelea, machozi yakamtoka, akashika ukuta ili asianguke, kiganja chake kikazama kwenye majani mpaka kwenye kifundo. Hapo kicheko kikakatika. Alikimbilia uani, wakamsikia akitapika.

Mama Hakitupwi alikuwa akitazama vidole vyake. Alivigeuza upande mmoja, akavigeuza upande wa pili. Kisha ulimi wake ukasogea nyuma ya midomo iliyofumbwa, ukazunguka mara moja.

"Mimi niliionja," akasema.

Alitoka. Bibi Harusi alimsikia bombani akisukutua kwa chumvi, akitema, akisukutua kwa sabuni, akitema, halafu akitapika, sauti kavu, ya ndani, ileile ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiifunika kwa maji ya bafuni miezi hii yote. Alisimama akisikiliza. Alitaka kuona haya, na haya yenyewe ilikuwepo, lakini ilikuwa mbali. Karibu kulikuwa na raha ndogo, chafu, ya mtu anayesema moyoni: sasa unajua.

Alipomfuata alimkuta ameketi kwenye kizingiti cha nyuma, kidevu kimelowa. Wifi alikuwa ameegemea nguzo ya kamba za nguo.

"Nilifanya kazi jiko la hospitali miaka kumi na tisa," Mama Hakitupwi alisema, bila kumwangalia yeyote. "Kuosha sahani. Zinarudi kutoka wodini, mgonjwa kala vijiko viwili amelala. Nyumbani nina watoto wawili na baba yao hawezi kuinuka. Wenzangu walikuwa wanakomba sahani nzima. Mimi nilikuwa na sheria yangu. Nilikata pembeni, pale ambapo kijiko hakikufika. Pembeni tu. Na wodi ya kifua sikugusa kabisa."

"Mama," alisema wifi. "Ile nyama ya Jumapili?"

"Ya Jumapili, ya Jumatatu."

"Hukutuambia."

"Mngekula?"

Wifi alijifuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Mnaniona sina kinyaa," alisema mama yake. "Mtaa mzima unaniona sina kinyaa. Miaka yote hiyo sijamlisha mtu kitu kilichotoka kinywani mwa mtu. Leo nimekibandika ukutani kwa mjukuu wangu. Nimekionja chumvi."

Bibi Harusi aliona huruma. Ilikuja kweli. Lakini chini yake kinyaa kilikuwa palepale, kimekaa, na sasa kilikuwa kimekua. Akilini alimwona mumewe akiwa mtoto, akila pembe za wali wa wagonjwa akalamba vidole. Mifupa yangu hii hapa. Aligundua kwamba huruma na kinyaa vinaweza kukaa kwenye kifua kimoja bila kusalimiana.

"Siwezi kula kwenye ile sufuria, Mama," alisema. "Mtoto hakui. Nesi amesema atanilaza. Siwezi, hata kwa heshima yako."

Mama mkwe alitikisa kichwa kidogo. Haikujulikana anakubali au anafukuza nzi.

Walibandua ukuta mchana kutwa, wote watatu, vitambaa vimefungwa puani. Funza walikanyagwa, hakukuwa na namna. Gundi iliingia chini ya kucha. Gunia lilipojaa, Mama Hakitupwi alisimama nalo uani.

"Vitambaa havina kosa," alisema. "Vikichemshwa..."

"Mama," alisema wifi.

Akalibeba mwenyewe hadi jalalani. Majirani walitoka kushuhudia, na mmoja aliuliza kama kuna msiba.

Jioni wifi alikwenda kwake. Mama Hakitupwi alifunua sufuria ya jiko la nyuma, akachukua mwiko, akauweka juu ya utando. Kisha akafunika.

"Siwezi," akasema, kama mtu aliyeulizwa.

Bibi Harusi alikwenda dukani akarudi na mayai, viazi na kipande cha sabuni kipya, kikiwa bado ndani ya karatasi yake. Kikaango alikisugua mara tatu. Alimenya viazi kwa unene, bila kuogopa ganda limebeba nyama kiasi gani, na mama mkwe aliyaona maganda yale akageuza uso. Alikaanga. Alipovunja yai la mwisho, sauti ikatoka nyuma yake.

"Umeonja?"

"Sijaonja, Mama."

"Usionje."

Walikula mezani, kila mtu na sahani yake, chini ya vikombe vya mtindi. Dirisha lilikuwa wazi na bado kulinuka. Tonge la kwanza Bibi Harusi alilishikilia mdomoni, akingoja koo liseme. Lilikuwa kiazi. Lilikuwa na ladha ya kiazi, na chumvi. Likashuka. La pili likalifuata.

Mama Hakitupwi alifika nusu, akasukuma sahani. Alikuwa akimeza kwa shida, akipitisha ulimi kwenye meno baada ya kila tonge. Kisha mkono wake, wenyewe, bila yeye kuuangalia, ukaenda kutafuta kitu cha kufunikia kilichobaki.

Bibi Harusi aliuona. Alikwishajua nusu yai hilo na viazi vile vinne vitalala wapi, na kesho vitakuwa chini ya nini.

"Lete, nitakula mimi," alisema.

"Ni mabaki yangu."

"Najua, Mama."

Akaivuta sahani. Haikuwa mapenzi, wala haikuwa adabu, alitaka tu pasibaki kitu. Alianzia pembeni, akaja katikati, palipokuwa na alama za meno ya uma wa mtu mwingine, akala na hapo, akiziba pumzi kama zamani. Mama mkwe aliutazama mdomo wake mpaka alipomeza cha mwisho. Wakakaa, wote wawili wakilisikiliza tumbo lake, kama kitarudi. Hakikurudi.